Shajara ya mradi wa zimamoto Keko: mipira, viungio na hewa

Wiki ya 1

Naanza kwa kuandika tulichokusudia, ili miezi ikipita tusije tukadai kwamba tulikusudia jambo jingine. Kikundi chetu ni cha wajitoleaji 14, miongoni mwao mafundi umeme, wauguzi wawili, mwalimu wa shule ya msingi, waendesha bodaboda wawili na wazimamoto wastaafu watatu, mmoja wa hapahapa Dar es Salaam na wawili waliotumikia vikosi vya Uingereza. Tumejipa kazi mbili. Ya kwanza ni kukiongezea vifaa kituo kimoja cha zimamoto kinachohudumia upande wa Temeke, na kufanya mazoezi pamoja na askari wake hadi vifaa hivyo viwazoee na wao wavizoee. Ya pili ni kuwaandaa wakazi na mafundi wa Keko kwa zile dakika za mwanzo ambazo gari bado liko njiani. Kuzima moto na kuokoa watu ni dhamana ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, wala hatuna nia ya kujivika kazi hiyo. Kila tunachokifanya kina idhini ya mkuu wa kituo.

Keko tuliichagua kwa sababu ya samani. Anayepita barabarani huona vitanda, makabati na makochi yaliyopangwa kuvutia wateja, lakini anayeingia nyuma ya vibanda hukuta magunia ya unga wa mbao, madebe ya vanishi na thina, marobota ya sponji, mashine za randa zilizounganishwa kwa nyaya zilizopitishwa juu juu, na mama lishe mwenye jiko la mkaa, vyote katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa hatua ishirini. Nyuma ya hayo yote wanaishi watu. Kariakoo iko karibu, na kila mkutano tuliofanya wiki hii ulianza kwa mtu kukumbusha usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko lilipoungua.

Wiki ya 3

Kontena la vifaa limetoka bandarini baada ya kuchelewa, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu: katika orodha ya mizigo tuliandika "vifaa vya zimamoto" kwa jumla, bila kutaja idadi, aina wala hali ya kila kitu, na ofisa forodha hawezi kukadiria asichokijua. Orodha mpya ilichukua siku nne kuandikwa. Yatosha kwa hilo.

Jambo kubwa la wiki limetokea tulipofungua masanduku. Vifaa vilichangwa na watu wa nchi tatu, kila mmoja kwa moyo mweupe, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenzake mpira wake unaishia na nini. Mipira ya Uingereza ina viungio vya kuchomeka, dume na jike, ambavyo ndivyo vilivyomo kwenye magari ya kituo. Mipira ya Ujerumani ina viungio vya Storz, vilivyobuniwa mwaka 1882, ambavyo havina dume wala jike. Kila upande hushikana na mwenzake kwa kuzungushwa robo ya mzunguko. Mipira ya Marekani ina hesi za kukaza kama nati. Ukiilaza yote chini unaona mali nyingi, ukijaribu kuiunga ili maji yapite unabaki na theluthi moja tu inayofaa. Stesheni Sajini aliyekuja kutupokea aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Hizi zinaongea lugha tatu, na gari langu linajua moja."

Hata urefu unatofautiana. Mpira wa Kiingereza una mita 25, wa Kijerumani wa ukubwa wa kati una mita 15 na ule mkubwa mita 20, wa Kimarekani una futi 50, yaani mita 15 na kitu. Kutoka barabara ya lami hadi kibanda cha ndani kabisa tulichokipima Keko ni mita 140, na hakuna hata bajaji inayoweza kuingia. Hapo panahitajika mipira sita ya Kiingereza au kumi ya Kimarekani, na kila kiungio kinachoongezeka ni mahali pengine pa kuvujia, pa kukwama kwenye kona na pa kupotezea presha.

Wiki ya 4 na ya 5

Tumehamia Gerezani, mtaa wa mafundi chuma hapa Dar es Salaam. Sikuwahi kudhani kwamba mradi wa zimamoto ungenifanya nishinde siku tisa kwenye benchi la fundi wa kukereza chuma, lakini ndiko ulikoamuliwa. Tungeweza kuagiza adapta kutoka nje, na mwenzetu mmoja wa Uingereza alikuwa tayari kuchangisha fedha. Tulikataa, kwa sababu adapta iliyonunuliwa ng'ambo ikipotea au ikigongwa na kupinda, kituo kingerudi kusubiri meli, ilhali iliyokerezwa Gerezani hufuatwa Gerezani.

Fundi wetu, mzee anayefanya kazi kwenye mashine ya Kiingereza iliyomzidi umri, alishika kiungio cha Kimarekani cha inchi mbili na nusu, akakiwekea geji ya hesi, akatikisa kichwa. Hesi za mabomba yanayouzwa katika maduka yetu, za ukubwa huohuo, ni 11 kwa inchi. Hiki kilikuwa na saba na nusu. "Mwanangu," aliniambia, "hii utaikaza mara mbili itakubali, mara ya tatu itang'ata, mara ya nne unaitupa." Ndivyo ilivyokuwa imeshatokea: kijana mmoja wetu alikuwa amejaribu kukilazimisha kwenye bomba la kawaida, akaharibu hesi mbili za mwanzo. Jedwali lililobandikwa kwenye mashine halikuwa na saba na nusu, ikabidi mzee abadilishe gia zenyewe na kupiga hesabu kwa chaki ukutani. Adapta ya kwanza ilivuja. Ya pili ilishika.

Mpango tuliokubaliana ni kwamba kila adapta iwe na upande mmoja wa hesi za kigeni na upande wa pili wa hesi za kawaida za 11, ambao hupokea kiungio cha Kiingereza. Kwa hiyo siku ukija msaada wenye hesi za aina ya nne, kinachobadilika ni nusu ya kifaa tu. Kwa ile ya Storz hatukukereza meno, kwa kuwa kuyachonga kwa mkono kungechukua wiki. Tulitumia vichwa vilivyokatwa kutoka kwenye mipira ya Kijerumani iliyokuwa imechanika, tukavifunga kwenye mkia wa shaba nyeupe.

Hapo lipo jambo ambalo mstaafu wetu wa Dar es Salaam alilisisitiza, nami naliandika kwa ajili ya watakaotufuata. Viungio vya Storz tulivyopokea ni vya alumini, adapta ni za shaba, na hewa yetu ina chumvi ya bahari. Madini mawili tofauti yakigusana katika unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Adapta zote kwa hiyo huondolewa baada ya kazi, husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa, na haziachwi zimefungwa kwenye mpira kwa uvivu wa kusema zitahitajika kesho.

Wiki ya 6

Tumepima mipira yote katika uwanja wa kituo. Mpira hunyooshwa chini, hujazwa maji taratibu huku nozeli ikiwa wazi hadi hewa yote itoke, ndipo hufungwa na presha kupandishwa juu ya ile ya kazi na kushikiliwa dakika tano. Hatua ya kutoa hewa haina mjadala: maji hayabonyei, hewa hubonyea, na mpira uliobaki na hewa ukipasuka huruka kama fimbo. Nyuma ya kila kiungio tulichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, kwani kiungio kinachoteleza kwa milimita mbili leo ndicho kitakachong'oka mbele ya moto.

Mipira mitano imekataliwa. Mmoja ulionekana mpya kabisa, ukapasuka kwenye mkunjo. Bila shaka ulikaa umekunjwa palepale kwa miaka. Wajitoleaji wawili walinung'unika kwamba tunatupa mali ya watu. Hatukuitupa. Tumeikatakata vipande vya kufunika mipira mahali inapopita juu ya bati au barabarani, na viungio vyake vimekwenda Gerezani.

Wiki ya 7

Makoti na suruali za kuzimia moto. Viwango vya Marekani vinataka vazi la namna hii listaafishwe miaka kumi baada ya kutengenezwa, hata kama linaonekana zima, kwa kuwa tabaka la katikati linalozuia maji na mvuke huchoka kabla ya kitambaa cha nje. Tumesoma lebo moja baada ya nyingine. Yaliyopita muda yameandikwa mgongoni neno MAZOEZI kwa rangi isiyofutika, na hayatapanda gari la kwenda kwenye moto. Najua wapo wanaosema kuukuu ni afadhali kuliko hakuna. Sikubaliani nao: askari aliyevaa shati hujua kwamba anaungua na hurudi nyuma, aliyevaa koti bovu husonga mbele kwa kuliamini.

Mavazi haya yalishonwa kwa ajili ya nchi za baridi. Katika unyevu wa Dar es Salaam mtu huloa jasho kabla hajaushika mpira, na jasho lililonaswa ndani ya koti likipata joto hugeuka mvuke. Wauguzi wetu wameweka utaratibu: dakika 20 za zoezi, kisha koti linafunguliwa, kivuli, maji ya kunywa, na mapigo ya moyo kupimwa kabla ya kurudi.

Wiki ya 8

Hewa. Hii ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi, na ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi.

Tulipokea seti za kupumulia pamoja na mitungi yake ya lita 6.8, inayojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha presha). Kwa hesabu ya karatasi, mtungi mmoja una lita 2,040 za hewa. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo mwenye haraka husema zipo dakika 50. Stesheni Sajini aliifuta hesabu hiyo ubaoni na kuanza upya mbele ya vijana wake. Filimbi ya tahadhari hulia mtungi ukibakiwa na takriban bar 55, na kuanzia hapo hewa iliyobaki ni ya kutokea tu, wala si ya kufanyia kazi. Zinaondoka lita 374. Zinabaki 1,666. Anayeburuta mpira uliojaa maji kwenye joto hatumii 40, hutumia 60 au zaidi. Basi ni dakika 27, tena kama ametulia kichwa.

Tatizo ni pa kuijazia. Kampresa ya hewa ya kupumua si ile ya gereji inayojaza upepo matairi. Inatakiwa ichuje mafuta, unyevu na kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, na iingize hewa kutoka mahali pasipo na moshi wa magari. Wenye mitambo ya namna hiyo mjini ni pamoja na wazamiaji wa baharini, na mmoja wao amekubali kutusaidia bila malipo, ila mtambo wake unaishia bar 200. Tulirudia hesabu ubaoni: lita 1,360, ukitoa 374 zinabaki 986, na kwa matumizi ya lita 60 ni dakika 16. Seti ni ileile, mtungi ni uleule, lakini askari anayedhani ana nusu saa ana robo saa.

Tulijadiliana jioni nzima kama tuzipeleke seti hizo kazini au tuzifungie stoo. Uamuzi uliofikiwa ni kwamba zitatumika kwa kumtafuta mtu ndani ya chumba kimoja au viwili, si kwa kuzima moto ndani ya jengo kubwa. Kila mtungi unafungwa kitambulisho chenye presha halisi kwa bar, na nje ya mlango anasimama askari mwenye saa na ubao anayeandika muda wa kila mmoja kuingia na muda anaopaswa kugeuka. Sponji ikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi, na pumzi chache zinatosha kumlaza mtu. Pasipo na ubao, seti haivaliwi. Kampresa ya bar 300 imepanda kuwa hitaji letu la kwanza, juu ya gari lililokuwa likizungumziwa na wafadhili. Gari hupigwa picha nzuri, hilo nalijua.

Wiki ya 9 na ya 10

Mafunzo Keko, jioni baada ya kazi, katika uwanja ulio nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mama Mwenyekiti aliwaita watu kwa kipaza sauti cha msikiti kwa hisani ya imamu, wakaja wengi kuliko viti.

Somo la kwanza lilikuwa malalamiko. Fundi mmoja mtu mzima alisimama akasema kile ambacho kila mkazi wa jiji hili amewahi kukisikia, kwamba gari la zimamoto huja bila maji. Stesheni Sajini hakukasirika. Aliuliza tangi la lita 5,000 linamalizwa kwa muda gani na mipira miwili inayotoa lita 250 kila mmoja kwa dakika. Binti mmoja wa sekondari alijibu kabla ya watu wazima: dakika kumi. "Basi, mzee wangu," akasema, "ukifika dakika ya kumi na moja utaniona nimesimama na mpira mkavu, na utaapa kwamba nilikuja mtupu." Watu walicheka, lakini swali la maji yatoke wapi baada ya hapo halikuwa la kuchekesha, na ndilo lililotupa kazi ya wiki iliyofuata.

Kwa upande wa thina tulifanya jaribio kwa kikombe kimoja ndani ya sinia pana. Mvuke wake hushika moto hata katika joto la kawaida la mchana wetu, na ukiimwagia maji, thina huelea juu yake na kusambaa ikiwaka. Tulionyesha hilo kwa umbali, kisha tukauzima moto uleule kwa kufunika sinia na bati, bila kelele. Mchanga, bati na mfuniko wa debe. Vitu hivyo vipo katika kila kibanda. Unga wa mbao una hila nyingine: hufuka chini kwa chini baada ya watu kushangilia na kuondoka, hivyo lazima uchimbuliwe na kuloweshwa, na mtu abaki kuulinda. Kuhusu umeme, wajitoleaji wetu walikwenda kibanda kwa kibanda kuonyesha swichi kuu iko wapi, na wakagundua viungo vingi vya nyaya vilivyofanywa na vishoka, yaani mafundi umeme wasio rasmi, vingine vikiwa vimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Hatukumtaja mtu hadharani. Kila mmoja ameelezwa pembeni.

Tulifanya pia mazoezi ya kupiga 114, jambo lililoonekana la kitoto hadi lilipojaribiwa. Mtu aliyepaniki husema "njooni Keko kunaungua" na kukata simu. Sasa wanajua kutaja namba ya nyumba na jina la mtaa, vile vilivyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, kisha kitu kinachojulikana kilicho karibu, kinachoungua ni nini, na kama kuna mtu ndani. Na bodaboda mmoja hutumwa barabarani kulisubiri gari na kuliongoza.

Sharti moja hatukulilegeza. Mkazi haingii kwenye moshi. Anagonga milango, anatoa watu, anakata umeme, anaandaa maji, anafungua njia. Vijana wachache walivunjika moyo, kwani walitaka kuvaa barakoa.

Wiki ya 11

Jibu la swali la maji ni masimtanki. Dar es Salaam tangu mwaka 2015 ina vijana waliozoea kuchora ramani za mitaa yao kupitia Ramani Huria, na wawili kati ya wajitoleaji wetu walitokea huko. Wamezunguka na simu zao wakiweka alama kwa kila simtanki, kisima na njia, wakiandika ujazo, upana wa mfuniko na jina la anayeshika ufunguo. Nakala ya ramani imebandikwa kituoni na nyingine ofisi ya mtaa.

Pampu ndogo ya petroli iliyokuja na kontena hubebwa na vijana wanne. Katika zoezi la kwanza ilichukua dakika 11 kutoka stoo hadi maji kutoka upande wa pili, kwa sababu vitanda vinne na meza ya chipsi vilikuwa njiani na adapta ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kununua sigara. Zoezi la pili likaleta hasara. Kijana alichomeka mpira wa kufyonzea kwenye tundu la chini la simtanki la fundi mmoja, mfuniko wa juu ukiwa umekazwa. Pampu ikavuta, hewa haikuwa na pa kuingilia, na simtanki likabonyea ndani mbele ya mwenyewe kama kopo lililokanyagwa. Tumemlipa lingine. Kuanzia hapo amri ya kwanza inayotolewa kwa sauti ni "Mfuniko!", nayo hutolewa kabla pampu haijawashwa.

Zoezi la nne lilichukua dakika sita na nusu. Simtanki la lita 2,000 lilidumu dakika nane kwa mpira mmoja, na katika dakika ya saba kundi la pili lilikuwa limeshahamishia mpira wa kufyonzea kwenye la jirani. Stesheni Sajini aliandika namba hizo kwenye daftari lake bila kusema neno, akaomba lirudiwe usiku.

Wiki ya 12

Ubishi wa wiki nzima umekuwa juu ya ufunguo wa sanduku la pampu. Ofisi ya mtaa hufungwa jioni, na sanduku lililo wazi halitakaa na petroli yake hata siku mbili. Imekubaliwa ufunguo mmoja uwe kwa mlinzi wa usiku wa vibanda, mwingine kwa Mama Mwenyekiti nyumbani kwake, wa tatu kituoni. Petroli itabadilishwa kila mwezi, ile ya zamani ikitiwa kwenye bodaboda za wajitoleaji, kwa zamu, ili pasiwe na anayenufaika peke yake. Pampu itawashwa kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni na jina la aliyeiwasha kuandikwa kwenye kadi iliyomo ndani ya mfuniko.

Adapta tatu za Kimarekani bado ziko Gerezani. Mzee amesema anasubiri shaba. Barua ya kuomba kampresa imekwenda kwa wenzetu wa Uingereza, na safari hii tumeambatisha picha ya kiungio cha mitungi yetu, imepigwa kwa karibu na rula pembeni yake.